Wazalendo Halisi Wanamtafuta Waisiko

Kornelio Simioni alikuwa kwa muuza chai nyuma ya stendi ya Mugumu, hana haraka, hana kazi, na chai aliyokuwa anakunywa ililipiwa na mtu mwingine, wakati redio ilipotangaza kwamba katika nchi moja ya mbali kuna kikundi cha siasa chenye msimamo mkali kinachowatishia waimbaji na waigizaji maarufu. Mmoja amehamia hotelini. Mwingine hatembei bila walinzi sita. Wateja wengine walitikisa vichwa kwa huruma. Kornelio aliuliza hao walinzi wanalipwa nini.

Ngoja nikufahamishe mtu huyu kabla hajakuuzia kitu. Umri miaka arobaini, shati lake limepigwa pasi hata ukilivua linabaki limesimama, na sauti anayo ya kusomea taarifa ya habari. Aliwahi kufungua kampuni ya bima ya mbuzi dhidi ya fisi. Aliifungua Jumatatu, akaifunga Alhamisi, siku fisi alipofika. Fedha alizipenda, sikatai, ila kitu alichokipenda kupita fedha ni kuondoka. Hakuwahi kulala mji mmoja miezi mitatu mfululizo. Ukimtajia gereza anatoka jasho, na ukimtajia ndoa ni hilohilo jasho.

Sasa mtu maarufu wa kutishiwa atampata wapi huku kwetu? Hakufikiri hata dakika mbili. Alikuwepo Waisiko wa Matongo, mpiga ritungu, kile kinubi cha Kikurya, ambaye video zake zinatazamwa na Wakurya wote, wa huku na wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Tena Waisiko alikuwa na doa la siasa. Kwenye uchaguzi mdogo wa diwani aliimbia chama kimoja asubuhi na kingine jioni, wimbo uleule, akabadilisha kilemba tu. Aliyeshinda alitoka chama cha tatu, ambacho hakikuwa na fedha ya kumwita.

Halafu kulikuwa na suala la nyumba yake. Waisiko aliolewa na mama mmoja mzee anaitwa Boke, kwa utaratibu wetu wa nyumba ntobhu: mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwenzake, ili boma lisife. Mtu wa Dar asingelijua hilo, kwa hiyo asingekosea. Kornelio alilijua vizuri, akapiga hesabu zake za kiume: wanawake wawili, ng'ombe tele, mwanamume hakuna. Akaona nyumba ya namna hiyo inatishika haraka, na itamshukuru mwanamume yeyote atakayesimama mlangoni. Hilo ndilo kosa lake, na wengi wetu tungelikosea vilevile.

Barua ilichapwa dukani pale Mugumu. Binti wa kompyuta hakubadilika uso, aliuliza tu kama waweke maua pembeni, maana za harusi huwa zinakaa vizuri na maua. Ilisema hivi: “Sisi, Kikosi cha Wazalendo Halisi, tumechoka na wasanii wenye vilemba viwili. Waisiko asipande jukwaani siku ya mnada. Akipanda, tusilaumiane.”

Siku mbili baada ya barua kupelekwa, Kornelio akashuka kwenye bodaboda Matongo, na miwani nyeusi, na begi lisilokuwa na kitu. Boke alikuwa anapukuchua mahindi. Kornelio alimwamkia shikamoo, akajitambulisha kuwa ni ofisa mstaafu wa ulinzi wa watu mashuhuri, akasema kwa masikitiko kwamba amesikia kuna barua. Boke akamwonyesha ilipo, chini ya bakuli la chumvi. Waisiko alikuwa kivulini anakaza nyuzi za ritungu lake na hakuacha kukaza.

“Hao watu unawajua?” Boke aliuliza.

“Nawajua mmoja mmoja, mama. Majina yote ninayo. Ndiyo kazi yangu.”

“Wako wangapi?”

“Arobaini na mmoja.”

Boke alichukua hindi jingine. Akauliza ulinzi unagharimu nini. Kornelio akasema kwa nyumba yenye heshima kama hii hawezi kutaja fedha, mtamba mmoja anatosha, atamchukua siku ya mnada onyesho likiisha. Mpango wake ulikuwa mfupi: auze mtamba palepale mnadani, na kabla jua halijazama awe ameshavuka Sirari, Matongo wabaki na historia. Boke alikubali bila kubishana. Mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo, maana Boke hubishana hata na bei ya kiberiti.

Shida ilianzia kwa Emanueli. Huyu ni mchekeshaji wa Mugumu, ana wafuasi elfu tisini mtandaoni, na habari ya barua ya Waisiko ilipomfikia hakulala. Alimtafuta Kornelio akamwuliza kwa uchungu wa kweli kabisa: yeye kakosa nini, mpaka magaidi wanamruka? Elfu tisini wote hao, na hakuna hata mtu mmoja wa kumtakia mabaya? Kornelio alimpa pole. Akasema kupata nafasi kwenye orodha ile si rahisi, ila kwa kidogo cha mkononi anaweza kumsemea. Kesho yake Emanueli alipata barua yake, na huyo mtu alifurahi, acha tu. Aliisoma mtandaoni mubashara, akalia, akapumzika, akalia tena.

Baada ya hapo biashara iligeuka. Kornelio alikuja kuuza ulinzi, sasa akawa anauza vitisho, na vitisho vilitoka kuliko ulinzi. Mwamuzi wa mpira wa Nyakunguru alinunua. Kwaya moja ya watu thelathini na wawili ilituma mjumbe kuuliza kama wanaweza kutishiwa kwa pamoja, wapunguziwe. Ndani ya wiki moja Serengeti na Tarime hakukuwa na mtu wa kujiheshimu asiyewindwa, na waliokosa barua walianza kusema wanazo ila wamezificha.

Jambo likikua kiasi hicho huku kwetu haliachwi hewani. Wazee wa Matongo waliitisha ritongo, ule mkutano wa ukoo ambamo wezi wa ng'ombe hutajwa mbele ya watu wote. Ritongo lina sheria moja ambayo kila mtoto anaijua: ukisema unawajua wahalifu, uwataje. Ukiwaficha, unahesabiwa nao. Kornelio aliletewa mwaliko wa heshima siku mbili kabla ya mnada. Moyo ulimwambia aondoke sasa hivi. Mtamba alimwambia avumilie siku mbili tu. Akamsikiliza mtamba, akafunga tai.

Watu walikuwa wengi. Emanueli alikaa mbele, na barua yake ameiwekea fremu. Mzee Wangwe, mwenye mkutano, alimsifu mgeni kwa maneno marefu mazuri, halafu Boke akasimama, akaomba neno.

“Huyu kijana aliniambia nyumbani kwangu kwamba majina anayo yote,” alisema. “Naomba ayataje.”

Kornelio alitabasamu. Akasema angependa sana, ila mambo ya usalama ni siri ya serikali.

“Serikali iko Tarime mjini,” Mzee Wangwe alisema. “Hapa ni Matongo. Taja.”

Nakuomba usimame kidogo mahali alipokuwa Kornelio. Akitaja jina lolote, mwenye jina ana kaka zake, na kaka zake walikuwepo pale, na hawakuja na kalamu. Akikataa kutaja, yeye ni wa arobaini na mbili. Akikiri kwamba hakuna kikosi wala mzalendo, kuna Emanueli na fremu yake, kuna mwamuzi, na kuna kwaya nzima iliyolipa kwa bei ya jumla. Miguu yake ilitaka kuondoka. Ilikuwa imezungukwa pande zote.

Ndipo ile sauti ya taarifa ya habari ikamwokoa, au ndivyo alivyodhani. Alivua miwani. Akasema kwamba watu wale wanatumia majina ya bandia, kuyataja leo ni kuwashtua wakimbie, lakini yeye Kornelio mwana wa Simioni atasimama na Waisiko usiku na mchana, kwa mwili wake, mpaka waliomtishia wakamatwe wote. Umati ukalipuka kwa vigelegele. Waisiko mwenyewe alikuwa wa kwanza.

“Vizuri,” alisema Mzee Wangwe. “Basi hilo uliapie.”

Kornelio alishaapa mahakamani, alishaapa kanisani, kote huko hakuumwa hata kichwa. Lakini kiapo cha ritongo ni kitu kingine. Baba yake mdogo alikivunja kwa ajili ya ndama, na mpaka leo watu wanaonyesha mahali alipoangukia. Akaapa, neno kwa neno kama alivyolisema. Alipokuwa anarudi nyumbani nyuma ya Waisiko, amembebea ritungu, ndipo maneno yale yakaanza kumrudia. Mpaka wakamatwe wote. Watu arobaini na mmoja ambao hawapo, nani atawakamata?

Onyesho la mnada lilivunja rekodi. Watu walitoka hadi ng'ambo kuja kumwona mwimbaji anayewindwa, na Waisiko aliimba kwa saa tatu bila kilemba chochote. Kornelio alisimama mbele ya jukwaa, jua la utosi, akitazama umati. Onyesho lilipoisha alimwuliza Boke habari ya mtamba. Boke alishangaa kwa upole. Mtu aliyekwisha kuapa halipwi, alisema, ukimlipa unakiharibu kiapo, na yeye hawezi kumtakia mwana wa watu balaa.

Akapewa kibanda kando ya zizi. Kwa kuwa magaidi wanaweza kujificha kisimani, ilibidi atangulie yeye, na kwa kuwa anakwenda, achukue na ndoo. Kwa kuwa wanaweza kuvizia malishoni, ilibidi aende na ng'ombe. Shati lilikoma kusimama. Nyumba iliyokuwa haina mwanamume sasa ilikuwa naye mmoja, mlinzi, mchungaji na mchanja kuni, na haikumtolea hata kuku.

Mwezi wa tatu alishindwa. Alichukua karatasi akaandika kwa mkono wa kushoto: “Sisi Wazalendo Halisi tumesamehe wasanii wote. Wenzetu wote wamekamatwa huko mbali, kikosi kimekwisha.” Akaileta mbio, anahema, anasema ameiokota getini. Boke aliisoma mara mbili. Alimwita Waisiko. Waisiko aliisoma pia, akaingia ndani, akatoka na barua nyingine, akasema hii imekuja asubuhi, alikuwa hataki kuwatia hofu.

Kornelio alisoma. “Mkiletewa barua ya msamaha, ni ya uongo. Hakuna aliyekamatwa. Tumeongezeka, sasa tuko themanini na wawili.” Wino ulikuwa haujakauka vizuri, ukamchafua kidole gumba. Alimtazama Waisiko. Waisiko alimtazama bila kupepesa, kwa macho ya mtu anayewindwa.

“Mlijua tangu lini?” Kornelio aliuliza. Sauti ya redio haikuwepo tena.

“Kujua nini, mura, kijana wangu?” Boke aliuliza.

Kornelio alifungua kinywa. Neno la kukiri lilikuwa moja tu, lakini akilisema tu, kesho kuna ritongo. Akafunga kinywa. Kisha akalia, machozi ya kweli, ambayo kwa mtu wa fani yake ni hasara tupu, na Boke akamsogezea uji.

“Kunywa,” alimwambia. “Themanini na wawili ni wengi, utahitaji nguvu. Na ukimaliza, maji yamekwisha.”