Adyero, Chini ya Umeme

Jumatatu, 9 Machi
Mjomba Nyongesa kapiga simu kutoka Bungoma. Ananipa duka lake la vifaa vya shule, niliendeshe mwenyewe. Anataka jibu Ijumaa, la sivyo anampa mtu mwingine. Miaka yote nimelilia duka hilo. Sasa napewa, na sitaki kuondoka. Sababu naijua, ni askari mmoja wa kike. Huja hapa kwenye kiduka changu cha kuchapa na kutoa kopi, Wandegeya, Kampala, kutoa kopi za kituo cha polisi, sare imenyooshwa pasi, anaitwa Konstebo Adyero. Nampenda. Yeye hajui lolote.

Jumanne, 10 Machi
Nimeokoka! Nikichapa tasnifu ya mwanafunzi wa biashara nimekutana na jedwali la uamuzi. Unaandika vigezo, kila kimoja unakipa uzito kadiri ya umuhimu wake, unatoa alama, unazidisha, unajumlisha. Jedwali linaamua, wewe unanyamaza. Mwanafunzi kalitumia kuchagua jenereta. Mimi nitachagua maisha.

Kampala upande huu, Bungoma upande ule. Kodi ya nyumba, uzito ishirini na tano. Ugali, ishirini. Umeme, kumi na tano. Adyero nimempa tano, nisije nikajipendelea.

Bungoma imeshinda kwa mbali. Nimepunguza ugali. Bungoma tena. Nimefuta kodi kabisa, kana kwamba mwenye nyumba kafariki. Bungoma! Nimechapa na kuchapa mpaka wino umefifia.

Jumatano, 11 Machi
Asubuhi Erinayo, anayekaanga rolex, zile chapati za kukunja na mayai, nje ya mlango wangu, kaja kuchukua karatasi zilizoharibika. Ndiyo desturi yetu. Yeye anapata za kufungia rolex zake, mimi napata kifungua kinywa. Nimempa rundo zima.

Mchana nimekumbuka rundo lile lilikuwa na nini. Nimetoka mbio na kandambili moja. Karatasi imebaki moja tu, tena si yangu. Nikamuuliza kawauzia nani. Akasema wanafunzi, watu wa bodaboda, na yule askari mwanamke anayetaka pilipili nyingi.

Sijala tena leo.

Alhamisi, 12 Machi
Adyero kaingia na sare, karatasi mkononi, imelowa mafuta. Nikajua nakamatwa. Nikaweka mikono yote miwili juu ya kaunta ili aione. Hakunisalimu.

“Wewe Khaemba, mimi tano? Umeme kumi na tano? Umeme ya hapa inapotea kila siku. Mimi nimepotea lini?”

Nikajitetea kwamba zile zilikuwa alama za awali. Akauliza kama nina mpango wa kuuoa ugali. Halafu sauti yake ikashuka. Akasema mashine ya kopi ya kituo ni nzima, haijawahi kuharibika. Kopi zote alizotoa kwangu tangu mwaka jana, hakuna aliyemtuma.

Nilitaka kusema nampenda, nikampa stepla. Akaipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa, 13 Machi
Nimempigia mjomba kumwambia nabaki. Akauliza Kampala kuna nini. Nikasema kuna umeme. Akauliza huyo umeme anaitwa nani. Nikamtajia. Akacheka, akasema nimlete siku moja aonje ugali wa kwetu. Nimelia kidogo nyuma ya mashine.

Jumamosi, 14 Machi
Kesho Adyero ananipeleka kwa baba yake, Mzee Ocaya, sajenti mstaafu. Adyero kasema niende nilivyo, na nisithubutu kumpigia mtu hesabu tena. Nimeapa.

Lakini zawadi ni jambo zito. Nimetengeneza jedwali dogo tu. Jogoo, sukari au shuka? Ukali wa mzee, uzito hamsini. Tumbo la mzee, thelathini. Uwezekano wa kunitimua, ishirini. Jogoo kashinda. Nakala zilizoharibika nimempa Erinayo, ila safari hii nimehakikisha kwanza kwamba Adyero yuko zamu mpaka jioni. Mtu hujifunza.

Baadaye. Kuna mzee mrefu nje kwa Erinayo. Kasema anamsubiri binti yake atoke kazini. Paji la uso ni la Adyero kabisa. Kaomba pilipili nyingi. Anatafuna polepole. Anasoma.