Manyoya ya Ndama wa Pembeni

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maabara ametutangazia: tukiweza kuijaribu dawa mpya ya kupe mezani, haitajaribiwa tena kwa ndama. Kupe wanawekwa kwenye vikombe, chini yao utando mwembamba, chini ya utando damu ya machinjioni iliyopashwa moto. Tukishindwa ndani ya wiki mbili, ndama sita wa zizini watabandikwa kupe mia mia, kama zamani. Atakayefanikisha atakabidhiwa ufunguo wa chumba kipya, awe msimamizi. Mimi huyo. Nimeshachagua pa kutundika koti.

Jumanne, 4 Machi
Tatizo. Kupe wamekaa juu ya utando kama wageni waliosusa chakula. Kumbe hawang'ati mpaka wasikie harufu ya ng'ombe. Mkuu kasema tutandaze manyoya ya ndama, tumwombe mtunza ndama. Nimwombe yule? Mwanamke anayewaita ndama wanangu, na mimi ananiita Bwana Haraka? Sifa tutagawana. Alipokwenda kula nikajipenyeza zizini na mkasi, nikamnyoa ndama wa pembeni mkiani. Kanipiga teke gotini. Sikulia. Sana.

Alhamisi, 6 Machi
Jana nilitandaza manyoya, nikatia dawa kwenye damu ya baadhi ya vikombe. Leo, ushindi! Kupe wote chali. Nikamkimbilia Mkuu. Akaja, akainama, akauliza kuhusu vikombe visivyotiwa dawa. Nikamwonyesha kwa fahari: humo pia wamekufa wote. Akakirudisha kikombe mezani. Kisha akanieleza kwa upole, upole ule unaouma, kwamba hao walipaswa kuishi, vinginevyo hatujui kilichowaua wenzao. Mtunza ndama akachungulia, akanusa manyoya, akauliza nimeyatoa kwa nani. Kumbe ndama wa pembeni aliogeshwa dawa ya kupe Jumatatu. Ningeuliza, angeniambia. Aibu niliyoipata sina pa kuiweka. Goti bado linauma.

Jumatano, 12 Machi
Mtunza ndama alileta manyoya ya ndama ambaye hajaogeshwa, akayatandaza mwenyewe. Kupe wakang'ata. Leo waliotiwa dawa wamekufa, wasiotiwa wamevimba kama maharage yaliyolowekwa. Ndama wote sita wamesalimika. Alikwenda zizini kuwaambia, nikamwona anafuta macho. Hata mimi nilifurahi, kweli. Mpaka alipokabidhiwa ufunguo.

Ijumaa, 14 Machi
Mkuu kaniita, kaniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu: kuuliza kwanza. Akaridhika, akanipa nafasi nyingine. Sasa ni dawa ya minyoo, nayo tutaijaribu mezani, kwa mayai ya minyoo yanayopatikana kwenye kinyesi cha mbuzi. Mtunza ndama ataleta kinyesi Jumatatu. Jumatatu yote hiyo, wakati shangazi yangu ana mbuzi wanane nyuma ya nyumba! Jioni nimekwenda, nimejaza ndoo. Shangazi akatoka ananipungia mkono, anasema sijui mbuzi wamenyweshwa dawa gani juzi. Sikumsubiri amalize. Msimamizi mtarajiwa hana muda wa porojo.