Mkazi Halali wa Duluth

Jumatatu, 12 Januari

Nimefika Duluth, Minnesota. Baridi ya kukata masikio. Shangazi Lorraine amenipa chumba chake cha kushonea. Nalala kati ya cherehani na sanamu ya nguo isiyo na kichwa. Si neno. Nimekuja kwa kazi moja: kuthibitisha kwamba makazi yangu ni Marekani. Bila hivyo Torunn, mke wangu, hapati viza ya kuhamia huku. Ubalozi umemwambia waziwazi: mumeo ni Mmarekani, sawa, lakini anaishi Bergen mwaka wa sita sasa. Mdhamini lazima awe mkazi wa Marekani, au aonyeshe kwamba kweli anarudi kuishi. Mahojiano yake ni Jumatano ijayo, Oslo.

Shangazi ameshangaa. Eti nimezaliwa hospitali ya mtaa wa pili, yeye mwenyewe ndiye aliyenibeba kunileta nyumbani, sasa ushahidi wa nini tena?

Nimempigia Torunn. Nyuma yake mwanamume anacheka. Sauti nzito kama pipa. Ni Eivind, jirani wa ghorofa ya juu, mwimbaji wa besi katika kwaya anayoimba Torunn. Amekuja kuziba dirisha linalovuja. Nimeuliza, kwa upole kabisa, amevaa nini miguuni. Torunn amesema viatu vyake vililowa mvua, kwa hiyo amempa ndara zangu.

Ndara zangu! Lazima mwanamke huyu ahame Bergen upesi.

Jumanne, 13 Januari

Siku njema. Nimefungua akaunti ya benki. Nimejiandikisha kupiga kura. Nimepata kadi ya maktaba. Kila kitu nimekipiga picha na kumtumia Torunn. Kazi yangu ya ukarani kule Bergen sijaiacha. Nimeomba likizo tu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Binamu yangu Duane amepita. Huyu alimleta mkewe kutoka Ufilipino bila kutoa jasho, na tangu hapo anajiona wakili. Ametazama picha zangu, akashika tumbo kwa kicheko. "Kadi ya maktaba, binamu? Hiyo hata mpita njia anapewa! Tafuta nyumba, tafuta mkataba." Shangazi amemwongezea pai. Mimi sikuongezewa.

Jumatano, 14 Januari

Wazo! Duane hawezi kulipata hata akiota. Nani hukaa juu ya ziwa lililoganda, akichungulia tundu kutwa nzima, isipokuwa mwenyeji? Leseni ya kuvua samaki!

Nimekwenda duka la chambo. Mama muuzaji ameniuliza kama nimekuwa mkazi wa Minnesota siku sitini zilizopita. Jasho limenitoka. Ni tamko la kisheria. Karani haapi uongo. Nimesema hapana. Amenipa leseni ya bei ya juu zaidi.

Nimeipiga picha, nimeituma. Ndipo nikaisoma. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: ASIYE MKAZI.

Nimempigia Torunn asiichapishe. Nimechelewa. Eivind ana printa. Eivind ameshachapisha kila kitu, ametoboa matundu, amepanga kwa rangi, na Torunn ameshapeleka posta. Amesema Eivind ana mkono mzuri wa kupanga faili.

Karani katika ndoa hii ni mimi!

Alhamisi, 15 Januari

Chakula cha pamoja kanisani, kila nyumba na bakuli lake. Mzee Nygaard, mgane, rafiki wa shangazi, ameniambia ghorofa yake ya juu ni tupu. Niichukue, mkataba ataandika hata kesho. Moyo umeniruka. Lakini kwetu Minnesota mtu mwenye adabu hakubali mara ya kwanza. Nimesema hapana, asijisumbue. Akasema si usumbufu hata kidogo. Nimesema hapana tena, wapo wenye shida kuliko mimi. Imebaki moja, ya tatu ndiyo ya kukubali, hata watoto wanajua. Mzee akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Akatokea Duane na bakuli lake. "Mzee, mimi naichukua! Mama mkwe anakuja."

Wakashikana mikono papo hapo. Mtu amekulia Duluth, na anakubali mara ya kwanza! Adabu ameiacha wapi?

Njiani shangazi ameniambia, "Mwanangu, wewe ni mwenyeji kuliko sisi sote." Nimemwomba aliandike hilo na kutia sahihi.

Jumamosi, 17 Januari

Shangazi ameandika! Kwamba nakaa kwake na nitaendelea kukaa. Na Duane (niseme ukweli, ingawa unaniuma) amenipatia barua ya ahadi ya kazi katika ofisi ya ghala la nafaka bandarini. Zote nimezituma. Mimi ni mkazi!

Nimempigia Torunn kwa furaha. Hakuwa na nafasi. Walikuwa wanafanya mazoezi ya mahojiano, Eivind akiigiza afisa wa ubalozi. Amemwuliza mumeo anapenda nini, naye Torunn ameshindwa kujibu kwa kicheko.

Nimekata tiketi ya Oslo. Shangazi amesimama mlangoni, mikono kiunoni: "Wiki hujamaliza! Mkazi gani anakimbia hivi?" Nimemweleza kwamba mke ni mke. Tiketi ya kwenda tu. Ilikuwa nafuu.

Jumatano, 21 Januari, Oslo

Nimetokea ubalozini nikiwa ndani ya suti. Torunn aliponiona uso ukambadilika. Nilidhani ni furaha.

Afisa, mama wa makamo, alikuwa na karatasi zote mbele yake. Alikuwa anamwambia Torunn kwamba ile leseni ya samaki imeichekesha ofisi nzima, lakini barua zinatosha, mume yuko Duluth, hana pingamizi. Hapo nikasogea dirishani nikajitambulisha.

Afisa ametazama karatasi, kisha mimi.

Ameniuliza nimefika lini. Jana. Narudi lini? Sijajua. Tiketi ya kurudi? Sina. Na kazi ya Bergen nimeiacha? Nimeogopa. Nimesema kweli: likizo yangu inaisha Jumatatu.

Amevua miwani. Faili litasubiri, mpaka mume alete ushahidi kwamba kweli anahama.

Torunn hakutamka neno mpaka kituo cha treni. Halafu akayatamka yote kwa pamoja. "Nimeacha kazi, Wendell. Nimeuza piano ya bibi yangu. Wewe umeshindwa hata kukaa mahali pamoja!" Machozi yalikuwa yanamtoka. Nimemwuliza piano ameinunua nani.

Eivind.

Ijumaa, 23 Januari, Bergen

Tumepatana. Masharti yake: niache kazi ya huku, nirudi Duluth, nitulie huko mpaka viza itoke, na ubalozi upate ushahidi leo hii. Nimeapa. Barua ya kuacha kazi nimeitia sahihi. Torunn amenibusu. Kisha amepanda ghorofani kuiaga piano. Nimesikia muziki. Kisha sikusikia kitu.

Nimefikiri kwa makini, kama mtu mzima. Kosa langu lilikuwa tiketi ya njia moja, afisa hakuipenda. Safari hii nimekata ya kwenda na kurudi: Duluth Jumapili, na Bergen tena tarehe saba Februari, kimyakimya, bila mtu kujua, nione mwenyewe hiyo piano inapigwaje.

Bahasha ya ubalozi nimeipeleka posta mwenyewe. Ndani yake barua ya kuacha kazi, na tiketi. Kurasa zote mbili.