Saa ya Nahodha Kifuani

Ponipate alikuwa hajatia kitu tumboni asubuhi ile alipomwona Bwana Bisnath amesimama mlangoni pa duka lake la vitambaa, mkono mmoja umejaa saa kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Mtu wa kawaida angecheka kimoyomoyo akaenda zake. Lakini katika mji mzima wa Suva hakukuwa na pua iliyojua kunusa tamaa kama ya Ponipate, na ile ya Bisnath ilinukia mpaka ng'ambo ya barabara.

"Bula, bwana mkubwa! Hivi ukitaka kujua saa, unaangalia ipi?"

"Zote," akajibu Bisnath kwa fahari. "Halafu nakisia."

"Mwambie na zile za chumbani!" ilitoka sauti ndani. Mkewe, Mama Sumintra, alikuwa ameinamia cherehani. "Usiku kucha ti-ti-ti! Mimi nilidhani nimeolewa na mwanamume, kumbe nimeolewa na saa. Diwali isizikute humu. Ziondoke, au niondoke mimi."

Bisnath alizinunua saa hizo kwa mabaharia walioshuka bandarini na kiu kali na mifuko mitupu, na kadiri kiu ilivyozidi ndivyo bei yake ilivyopungua. Kikombe cha pili cha chai hakijamiminwa, tayari ameshafungua sanduku na kumwonyesha mgeni ua la bustani yake: saa ya dhahabu ya nahodha mmoja, nzito, ya kujaa kiganja. Ponipate aliishika, akaipima uzito, akairudisha kwa adabu. Tangu dakika hiyo hakutaka kitu kingine duniani.

"Bwana," akasema, "saa mkononi nani anaiona? Mikono yenyewe iko mifukoni. Saa mahali pake ni kifuani! Kata kidirisha kwenye shati, tia saa ndani, mikanda igeuze kola. Meli za watalii si hizo zinatia nanga? Mtalii akishuka anatafuta vitu viwili: kivuli, na nguo ambayo jirani yake hana. Mama hapa anashona, saa unazo, ulimi ninao mimi."

"Na wewe unapata nini?" akauliza Mama Sumintra.

"Mimi, mama? Napenda sanaa tu."

Cherehani ikasimama. Mama Sumintra alikuwa ameshona Suva maisha yake yote, na hajawahi kukutana na mtu wa sanaa tu.

Balaa ni kwamba biashara ilikubali. Mashati yalinyakuliwa gatini kama maandazi ya moto. Bibi mmoja wa Brisbane alinunua mawili, la mumewe na la mbwa. Mama Sumintra naye mkono ukamkolea: magurudumu ya saa mbovu akayafanya vishikizo, mishale akaitia kwenye kola. Ponipate alileta dukani kila senti bila kudokoa, na uaminifu huo ulimuuma kuliko jino bovu. Lakini mvuvi hali chambo chake.

Hapa inabidi tuseme ukweli mmoja wa kusikitisha kuhusu shujaa wetu. Hakuogopa polisi wala Jehanamu. Aliogopa ndugu zake. Miaka miwili nyuma, kule kwao Tailevu, alimchukua nguruwe aliyefugwa na ukoo mzima kwa ajili ya karamu, akasema anampeleka mjini akapimwe uzito. Nguruwe hakurudi, mpimaji hakurudi. Na ndugu wabaya jamani! Ndugu akikitazama kitu chako akakuambia "kerekere", ndiyo basi, ameshaomba. Ukinyima, huna uso tena mbele za watu. Kwa hiyo Ponipate alikwepa kila mtaa wenye watu wa Tailevu, na huko sokoni, wanakouza mihogo yao, hakukanyaga kabisa.

Siku moja akaingia dukani anahema.

"Bwana, Mungu ametuona! Kuna mama wa Sydney, ana maduka yasiyohesabika, yuko pale hotelini. Jumamosi asubuhi anataka tumwonyeshe mashati. Tumpe moja la kumtoa pumzi. Tulitie saa ya nahodha."

Bisnath akashika kifua. "Ile? Hata nikifa nizikwe nayo!"

"Sawa, tumpelekee za plastiki. Atauliza: huyu ni mkusanya saa, au mwokota makopo?"

Bisnath akatoka jasho. Akamwangalia mkewe, akaangalia sanduku, akamwangalia Ponipate. Akayaona maduka ya Sydney yamepangana, yote yana jina lake mlangoni. "Utalivaa wewe?" akauliza kwa unyonge.

"Kwani nani mwingine ana kifua hapa?"

Mama Sumintra akachukua tepu kumpima. Akapima mabega, akapima shingo, kisha akayatazama masikio yake kwa muda mrefu kuliko shati linavyohitaji.

"Mtoto wa wapi wewe?"

"Lau, mama. Visiwa vya mbali kabisa."

"Huna ndugu hapa?"

"Hata mmoja. Mimi ni yatima wa Mungu."

"Maskini," akasema Mama Sumintra. "Basi kitambaa nitakuchagulia mimi."

Akachagua cha kijani chenye maua ya njano makubwa kama sahani. Ponipate hakukitazama mara mbili. Macho yake yote yalikuwa kwenye kidirisha cha kifuani.

Jumamosi Mama Sumintra aliomba radhi, ana harusi ya kwenda. Bisnath akaenda hotelini bila yeye, akaketi mbele na shada la maua shingoni, akingoja mama wa Sydney ambaye hakuwahi kuzaliwa. Ponipate akapita na shati lake mara ya kwanza, waliokuwa wakinywa chai wakapiga makofi. Akapita mara ya pili, Bisnath akafuta chozi. Mara ya tatu akanyoosha moja kwa moja hadi jikoni, akatokea mlango wa nyuma, akaambaa na mapipa ya samaki. Mguu niponye!

Sasa, mtu asiye na gari atatokaje Suva? Ilibidi apite huko huko sokoni, kituo cha mabasi. Dakika moja tu, alijiambia, nipande la Nadi nipotee. Akakata kona, akaliona shati lake.

Si lile la mwilini mwake. Lilikuwa limevaliwa na mzee mmoja mwenye fimbo. Akaliona tena kwa vijana waliopakia majimbi juu ya basi. Akaliona limekuwa gauni, limekuwa sketi, limekuwa kofia ya mtoto mchanga. Kituo kizima kijani na maua ya njano! Na harusi ikiwa na sare, sare ndiyo ukoo: ukiivaa, wewe ni wetu, panda basi. Ponipate akageuka. Akachelewa.

"Poni!" Ilikuwa sauti ya shangazi yake Losalini, ile inayoongoza kwaya bila kipaza sauti. "Miaka miwili tunakutafuta, kumbe umeshajishonea na sare!"

"Shangazi, mimi napita tu..."

"Napita tu, na sare mwilini?"

Akakumbatiwa, akapigwa mabusu, akapitishwa mkono kwa mkono mpaka akajikuta ndani ya basi. Mzee wa fimbo akamkazia macho ya upole. "Na nguruwe je, mwanangu? Bado anapimwa?"

Basi zima likaangua kicheko. Kilipotulia, Losalini alikuwa anamtazama kifuani.

"Eeh, na hii inayong'aa! Poni, shati hilo. Kerekere."

Kijana aliyewahi kumwuzia mzungu kivuli cha mnazi akalikumbatia shati kwa mikono miwili.

"Shangazi, nitabaki kifua wazi."

"Si mimi niliyekiogesha?"

Akalivua. Wallahi iliuma. Akalikabidhi kama anakabidhi mtoto. Na shangazi hata hajalikunja, mkono mwingine ukanyooshwa kutoka kiti cha mbele, wenye bangili, ukitoka katika sari ya kijani yenye maua ya njano.

"Losalini, mwenzangu," akasema Mama Sumintra, fundi wa sare na mgeni wa heshima, "kerekere."

"Chukua, dada! Ulisema kweli, masikio ya ukoo wetu hayafichiki."

Alasiri, harusini Tailevu, Bwana Bisnath aliteremka kwenye teksi, amemfuata mkewe kumlilia, na shada lake limenyauka shingoni. "Saa yangu! Iko wapi saa yangu?"

"Yako?" Mama Sumintra alikuwa amekaa mkekani, shati amelitupia begani. "Wewe umempa Poni kwa mkono wako. Poni kampa shangazi, shangazi kanipa mimi, ukoo mzima unaona. Hii ni yangu. Na zile za chumbani nazishonea mashati zote, Jumatatu naanza."

Bisnath akawatazama wazee wa Tailevu. Wazee wakamtingishia kichwa kwa masikitiko makubwa, wakampa bakuli la kava, kinywaji chao cha mizizi, anywe atulie.

Kutoka shimo la kuokea nyama ya karamu, ambalo wazee walimpa mtoro wao alichimbe peke yake, kilichomoza kichwa chenye udongo hadi nyusi.

"Mama," akaomba Ponipate, "angalau niambie basi, saa ngapi sasa?"

Mama Sumintra akaigeuza saa ya nahodha juani, akaifuta kwa ncha ya sari, akaisoma taratibu.

"Saa ya nguruwe, mwanangu," akasema. "Chimba."