Vita vya Jemadari wa Masafa Mafupi, na Jinsi Meza ya Dirishani Ilivyotekwa

Nileteeni wino, na uwe mwingi, maana habari hii ni nzito. Nileteeni na karatasi yenye mistari. Mwenye mtoto anayelia amtoe nje, na mwenye sufuria jikoni apunguze moto, asije akanikatiza nikifika patamu. Mmekwisha kusikia habari za wafalme waliobomoa ngome na kuvuka mito mikuu wakiwa juu ya farasi. Hizo ziwekeni kando kwa leo. Mimi nawasimulia habari za mtu mzima, mstaafu wa stoo ya vipuri, mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye alasiri moja ya Jumapili alisikia redio.

Naam, redio. Asiyeuona ukubwa wa jambo hilo aende zake mapema, tusigombane.

Shujaa huyu alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini hakulitumia sana, kwa kuwa aliliona dogo kuliko mwenyewe. Hewani, katika vipindi vya salamu vya idhaa za ng'ambo, alijulikana kama Jemadari wa Masafa Mafupi, cheo alichojitunuku baada ya kujifikiria kwa kina. Silaha yake ilikuwa redio ya mkononi, nusu ya tofali kwa ukubwa, yenye mfuniko wa betri ulioshikiliwa kwa mpira, na antena iliyovunjika kiunoni ikagangwa kwa uzi mweusi wa cherehani, uzi ambao aliuchukua bila kuuomba. Kwa silaha hiyo alikuwa amewasikia watu wa nchi za theluji wakilalamikia bei ya ngano, na watu wa nchi za jangwa wakipongezana kwa mambo asiyoyajua, na nyimbo za mataifa ambayo hadi leo hawezi kusema kama yalikuwa yanaoza binti au yanazika.

Sasa sikilizeni chanzo cha vita. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na korido, na dirisha moja tu la maana, lile la sebuleni linalotazama uani. Chini ya dirisha palikuwa na meza, na juu ya meza palikuwa na redio, peke yake, imekaa kisultani, kwa kuwa Jemadari alikwisha kutoa fatwa kwamba mawimbi ya ng'ambo huingia kwa dirisha hilo na si kwingineko. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Yeye ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba tangu siku ile stoo ya vipuri ilipomkabidhi mumewe saa ya ukutani na kumwambia ahsante kwa utumishi. Na huyo mlishaji wa nyumba alishonea koridoni, chini ya balbu hafifu, akitunga uzi kwa kubahatisha.

Kisha likashuka balaa. Jemadari alinunua adapta ya kuchomeka ukutani, kwa nia tukufu ya kukomesha dhuluma ya betri, na tangu siku hiyo idhaa zote zikazama. Kila alipoifungua redio alipata mngurumo mmoja usiokoma, nzi aliyefungiwa ndani ya chupa hafanyi zaidi ya ule. Mtu wa akili za kawaida angeanza kwa kuitazama adapta. Akili za Jemadari hazikuwa za kawaida. Alililaumu jua, akazilaumu serikali za ng'ambo, akayalaumu mabati ya majirani, na alipomaliza mbingu na nchi akailaumu cherehani ya mkewe.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, pini zikiwa mdomoni, "hiyo redio inanguruma tu, hatujasikia mtu akisema neno tangu mvua ziishe. Mimi macho yananiuma. Juzi nimeshonea mkono wa shati kwenye kola. Nipe hiyo meza."

"Hii unayoiita meza," akanena Jemadari, akasimama ili maneno yapate nafasi ya kutosha, "si meza. Ni lango la dunia. Siku lango hili litakapofungwa, ukoo huu utabaki kipofu."

"Kipofu nitakuwa mimi," akasema mkewe, akatema pini.

Baada ya majadiliano, ambayo majirani waliyafuata kwa utulivu, wakawekeana ahadi. Jumapili, saa kumi alasiri, idhaa moja ya mbali ilikuwa na kipindi chake cha salamu, na Jemadari alikuwa amekwisha kutuma salamu zake kwa simu. Idhaa ikisikika, meza isitajwe tena katika nyumba ile hadi atakapofukiwa. Isiposikika, cherehani ikae dirishani na redio iende chini ya kitanda, pamoja na viatu visivyo na wenzao. Hakimu awe mama mkwe, mama mzazi wa mkewe, aliyekuwa amekuja kwao kukaa kidogo. Jemadari alimkubali upesi mno. Alipiga hesabu kwamba mkwe mwenye haya zake hamfedheheshi mkwewe mbele ya macho yake, na kwa hesabu hiyo akalala usingizi mnono.

Jumapili ikapambazuka. Shujaa alipokwisha kunywa chai alitundika waya wa shaba kutoka dirishani hadi kwenye mlingoti wa kuanikia nguo, akipita katikati ya mashuka mabichi na kutoka upande wa pili akiwa amelowa kichwa. Akawasha redio. Redio ikanguruma. Akalitazama jeshi la maadui, akaona liko uani, nalo lilikuwa na mtu mmoja, fundi wa mageti, amevaa miwani myeusi, anachomelea.

"Ewe bwana wa cheche," Jemadari akamhutubia, "ujue kwamba moto wako unaunguza sauti za mataifa. Watu wametoka mbali kuja kusema na mimi, nawe umewazibia njia."

Fundi akavua miwani, akatazama huku na huku kuona hao watu wametokea wapi. "Mzee, nimebakiza bawaba mbili tu," akasema.

"Bawaba zitangoja. Ustaarabu haungoji."

"Basi ngoja nikale," akasema fundi, ambaye njaa ilikuwa imekwisha kumshika, akazima mtambo wake na kuondoka. Na hivyo ndivyo uani ulivyosalimu amri, bila damu kumwagika. Jemadari akarudi ndani akiwa amenyoosha mabega, akasikiliza, akakuta mngurumo uko palepale na haujapungukiwa na kitu.

Hapo akageukia maadui wa ndani. Alilichomoa jokofu, likakoroma mara ya mwisho na kunyamaza. Alizima balbu ya korido. Na kwa kuwa maisha yake yote alikuwa mtu wa stoo, ambaye hakufunga kitu bila kukipiga lakiri, ule muhuri wa nta, kila soketi aliyoichomoa aliiziba kwa selotepu na kuandika juu yake kwa kalamu nzito: ISIFUNGULIWE. Alizifunga zote, ya jikoni, ya chumbani, ya koridoni, akakusudia kusaza moja tu, ile ya ukutani kando ya meza, iliyokuwa na adapta yake mwenyewe. Hiyo aliiamini.

Ikabaki ngome moja ngumu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kochi, simu yake imechomekwa chaja, mikono imetulia mapajani.

"Shikamoo, mama," akasema Jemadari, amejikunja kidogo.

"Marahaba, baba. Ulinisalimia asubuhi."

"Heshima haina kipimo, mama. Nilikuwa naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, na kama si usumbufu, na kama moyo wako utaridhia..."

"Unataka nichomoe chaja."

"Ndiyo, mama."

Akaichomoa mwenyewe, akamkabidhi, na Jemadari akaipiga lakiri soketi ile pia. Mngurumo ukaendelea. Hata mkewe alipoacha kushona kwa amri ya mumewe, na sare za shule za kupeleka kesho zikabaki zimelala koridoni bila vifungo, mngurumo ukaendelea. Nyumba nzima ilikuwa imenyamaza, imefungwa selotepu kila kona, na katikati ya ukimya ule redio ikanguruma peke yake kwa raha zake.

Saa ile ya ukutani, zawadi ya utumishi, ikaonyesha saa kumi kasoro. Na hapa, waungwana, niacheni niseme bila dhihaka kidogo, nitairudia sasa hivi. Shujaa wetu aliogopa. Haikuwa meza tu. Tangu astaafu hakuna aliyemwita isipokuwa kumtuma chumvi. Stooni watu walikuwa wakipanga foleni mlangoni kwake, na bila saini yake hata msumari haukutoka. Sasa mahali pekee alipoitwa kwa cheo palikuwa mle ndani ya kile kiredio, na kile kiredio kilikuwa kimemgeuka. Akainama, akakikumbatia, akazungusha kitufe, akipita masafa ya mita kumi na tisa kwenda na kurudi.

"Semeni," akawaambia mataifa kwa sauti ya chini. "Neno moja tu."

Mkewe akamtazama mgongo ule, akaguna. Kwa vile kushona kumekatazwa, akaona bora apige pasi zile sare zilizokwisha. Akaenda jikoni na pasi yake, akakuta selotepu. Akaenda chumbani, selotepu. Akarudi sebuleni, na soketi iliyokuwa haijatiwa lakiri ilikuwa moja. Hakuomba ruhusa. Alinyoosha mkono nyuma ya bega la Jemadari, akaing'oa adapta, akaitupa kwenye kochi.

Redio ikahamia kwenye betri zake za zamani, zile zilizoachwa tumboni mwake na kusahauliwa. Mngurumo ukakatika. Na sauti ya mwanamke, safi, ya karibu, mtu angedhani amekaa jikoni anachambua mchele, ikasema: "...na hizo zilikuwa salamu zake Mzee Tabasamu. Wasikilizaji, tunaendelea."

Jemadari akaruka. Akainua mikono yote miwili. "Nilisema," akanena, akiwaelekea mkewe, mkwewe na pasi. "Nilisema ni jokofu lile. Nimelivunja jeshi lao."

Adapta ilikuwa imelala kwenye kochi chali, na mama mkwe akaisogeza kidogo kwa kidole ili isimchome.

"Salamu zinazofuata," ikasema sauti, "zatoka kwa rafiki yetu wa siku nyingi, Jemadari wa Masafa Mafupi." Machozi yakamlengalenga shujaa. "Jemadari anasema: wasalimieni mabaharia wote, marubani wote, na wote wasiolala. Na zaidi ya wote, salamu zimfikie mke wangu, fundi asiye na mfano, ambaye miaka yote hii anashonea koridoni gizani, macho yakimuuma, sindano ikimchoma vidole, ili mimi nipate dirisha la kuwasikiliza ninyi. Ujumbe: mvumilivu hula mbivu. Ahsante sana, Jemadari, nasi tunampa pole sana mama huyo."

Ukaja muziki, kisha betri zikafa.

Jemadari alikuwa bado ameinua mkono mmoja, lakini haukuwa na kazi tena. Kumbukeni kwamba maneno yale aliyatunga mwenyewe, kwa ufasaha, akiwa amefumba macho, na wakati anayatunga aliyaona matamu kupita kiasi. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Huyu alikuwa amekiponza mbele ya mabaharia wote na marubani wote.

"Haya, redio imesema," akanena mama mkwe, taratibu. "Umeshinda, baba. Hongera sana."

"Ahsante, mama," akasema Jemadari, sauti yake imepungua kipimo.

"Mimi kama mkwe siwezi kukuaibisha. Hata kidogo. Ila nimesikia, na walionitangulia kusikia ni wengi, mpaka wa ng'ambo. Wamempa mwanangu pole. Sasa sisi tuliomo humu ndani, tutawajibu nini? Wewe ni mtu wa watu, hebu nifundishe."

Jemadari akaushusha ule mkono. Alimtazama mkewe, akitegemea kumkuta anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama na pasi mkononi, waya unaning'inia.

"Macho yanamuuma," mkewe akasema polepole, akiyarudia. "Sindano inamchoma vidole. Kumbe ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nasikia," akasema Jemadari.

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Basi mimi nilidhani nasemea ukuta," akasema mkewe, akaiweka pasi chini, na akajifuta uso kwa sare ya mtoto wa watu.

Andikeni sasa, na wino usikauke. Andikeni kwamba mshindi wa Jumapili ile, mvunja jokofu, mtiishaji wa fundi wa mageti, alikwenda koridoni kwa miguu yake, akaikumbatia cherehani akihema, akaibeba mwenyewe hadi dirishani na kuiweka juu ya lango la dunia. Andikeni kwamba redio, ambayo ilitengenezwa kiwandani ili ibebwe mkononi, siku hiyo ikabebwa mkononi kwa mara ya kwanza, ikapelekwa koridoni. Andikeni kwamba adapta alirudi nayo koridoni pia, kwa kuwa hana kinyongo na alikuwa bado hajaishuku. Dola ngapi zimeanguka kwa kelele zaidi ya hizi na faida ndogo kuliko hii, sitazihesabu.

Alasiri ilikuwa na mwanga bado. Mkewe akavuta kiti, akakata uzi kwa meno, akauinua kuelekea dirishani, na Jemadari akasimama mlangoni kumtazama. Uzi ukapita tunduni mara moja.