Boila Izimwe Lini?

Ilikuwa wiki ya pili ya Mei mjini Erzurum, na kule juu mlimani Palandöken theluji bado ilikuwa imeng'ang'ania, pale jamaa waliyemwita Redio alipoinua simu yake juu ya meza na kukohoa kama msoma taarifa ya habari.

"Wakuu, tulieni. Watu wa hali ya hewa wanasema Alhamisi tunagonga digrii kumi na tisa."

Chuma alipiga meza, glasi za chai zikaruka. "Kumi na tisa! Mmesikia? Kumi na tisa, na boila inanguruma huko chini utadhani tuko Januari! Feyzullah, zima."

Feyzullah, ambaye kijiweni hapo walimwita Digrii, hakuinua macho. Alibana donge la sukari kwa meno, akavuta chai ikapita humo, akameza, ndipo akasema, "Kanuni ni kanuni. Kipimajoto kivuke kumi na tano siku tatu mfululizo, ndipo boila inazimwa. Jana kilisoma tisa."

"Tisa! Jana mimi nilikuwa nje na singlendi!"

"Wewe hata Februari unatoka na singlendi. Unadhani jina la Chuma ulipewa kwa ajili gani?"

Kijiwe chenyewe, mgahawa wa chai, kilikuwa chini ya jengo la ghorofa tano, na boila moja kule chini ndiyo iliyopasha moto rejeta za ukutani za nyumba zote. Digrii, karani mstaafu wa reli, ndiye aliyekuwa meneja wa jengo. Alichaguliwa miaka sita iliyopita kwa sababu ndiye pekee aliyekosa mkutano. Chuma, jina lake halisi Muharrem, alikuwa ameendesha malori miaka thelathini, sasa amestaafu na anaishi ghorofa ya tatu. Redio alikuwa kinyozi wa duka la pembeni. Hata muda huo kulikuwa na mteja kule dukani, povu limemkaukia shavu moja, anangoja mjadala uishe.

"Mke wangu ameacha madirisha wazi tangu mwezi jana," Redio alisema. "Tunapasha moto barabara. Juzi paka wa mtaa mzima walikuwa wamelala chini ya dirisha letu."

"Paka nao ni viumbe," alisema Digrii.

"Bwana, acha mambo ya paka!" Chuma alisogeza kiti. "Mwambie ukweli, Redio. Mwambie mimi ninavyoteseka."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mama mkwe wake Chuma, Bi Gülizar, huja kutoka kijijini baridi ya kwanza ikipiga Novemba, na hurudi siku boila inapozimwa. Hafuati kalenda nyingine. Mwaka huu alikuwa ametimiza mwezi wa saba.

"Miezi saba!" Chuma alinyoosha vidole saba. "Nikikohoa, ananiuliza nimekula nini. Nikinyamaza, anamwuliza binti yake kama nimekufa. Nikiwasha televisheni anazima, anasema sura za hao watu hazina baraka."

"Kwani zina baraka?" aliuliza Redio.

"Hilo si suala! Suala ni boila!" Chuma alimgeukia Digrii, akashusha sauti kama mpelelezi. "Sasa nakuuliza mbele ya mashahidi. Hicho kipimajoto chako kiko wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Nje ni nje."

"Wakuu, leo asubuhi nimekitafuta. Nimekikuta nyuma ya jengo, chini kwenye kishimo cha ngazi za stoo, upande ambao jua halijafika tangu jengo lijengwe. Na pembeni yake kuna nini? Rundo la theluji! Theluji ya Januari, nyeusi kabisa, ina alama za sepetu!"

Wacheza karata wa meza ya pili waliweka karata chini.

"Kipimajoto hakitakiwi kupigwa na jua," alisema Digrii. "Hiyo ni sayansi."

"Na theluji?" aliuliza Redio.

"Theluji ni bahati mbaya."

"Yenye alama za sepetu?"

Digrii alitafuta donge jingine la sukari ingawa glasi yake ilikuwa tupu. Sepetu lilikuwa lake. Kwa wiki tatu, alfajiri nyingi alikuwa akishuka na ndala na koti la kulalia, mzee wa miaka sitini na minane, akikokota theluji kutoka uani kama mwizi. Kila aliposimama kupumua alijiambia kwamba ana akili timamu, na kila alipojiambia hivyo aliongeza sepetu moja.

Sababu alikuwa nayo, ila si ya kusema kijiweni. Kila Alhamisi Bi Gülizar alimpandishia nyumbani kwake, ghorofa ya juu, bakuli la supu ya mtindi na ngano. Aliketi kwenye kiti pale ngazini, mlango ukiwa wazi ili majirani wasipate la kusema, akamsimulia habari za ng'ombe wake na kumteta mkwewe. Nusu saa, basi. Tangu Sabriye, mkewe, afariki miaka minne nyuma, huyo ndiye mtu pekee aliyemwita Feyzullah bila kufuatiza na malalamiko ya bomba linalovuja.

"Tupige kura!" alisema Chuma. "Anayetaka boila izimwe anyooshe—"

Dirisha liligongwa. Si kwa kidole, kwa pete.

Wanaume wote waligeuka. Nje alisimama Bi Gülizar, kitambaa kimefungwa kidevuni, begi kubwa miguuni, gudulia la shaba juu ya begi. Kwa kuwa wanawake hawakuwa na desturi ya kuingia humo, Redio alikimbia kufungua dirisha.

"Meneja wa jengo ni nani hapa?"

Digrii alisimama. "Mimi, Bi Gülizar."

"Najua ni wewe. Nauliza ili hawa wasikie. Zima hilo dude. Nimeiva! Miguu imeumuka kama mkate. Ng'ombe wangu anazaa wiki hii, na jirani niliyemwachia hajui mbele wala nyuma ya ng'ombe."

"Si uende tu, mama," alisema Chuma, kwa upole ambao haukuwahi kusikika kijiweni hapo.

"Niende vipi? Mkeo ameniapisha nisitoke kabla boila haijazimwa, asije akaniuguza mapafu kwa baridi ya kijijini. Mwaka jana ilizimwa Aprili. Mwaka huu nikasema, Feyzullah ni mtu wa kanuni, atazima tu. Nikangoja. Mei ikaingia. Nikiuliza, naambiwa kipimajoto."

Redio hakuweza kujizuia. "Kipimajoto, bibi yangu, kimelazwa kwenye theluji."

Bi Gülizar alimtazama Digrii. "Theluji imetoka wapi?"

Digrii aligeuza glasi yake tupu mkononi.

"Feyzullah?"

"Niliisukuma."

"Kwa nini?"

Hata mwenye kijiwe aliacha kusuuza glasi. Digrii alihisi masikio yanawaka, na hilo halikuwa kosa la boila.

"Supu," alisema. "Supu ni nzuri."

"Supu!" Chuma aliruka. "Mtu mzima na mvi zako, umenioka wiki tatu kwa ajili ya supu?"

"Kaka Muharrem," alisema Redio taratibu, "miaka thelathini barabarani, na kona kubwa namna hii huioni?"

Chuma aligeuka. Akamtazama Digrii, akamtazama mama mkwe wake, akakaa.

Bi Gülizar alirekebisha kitambaa chake, muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Kazime. Halafu uje unibebee begi. Huyu mkwe wangu atanipondea gudulia."

Digrii alishuka peke yake. Alizungusha mpini, ngurumo ikakatika, na jengo zima likawa kama limeshika pumzi. Alibaki ameshika bomba, akingoja lipoe, lakini lilikuwa halina haraka, na kule juu kulikuwa na mtu anamngoja.

Kituo cha mabasi madogo ya vijijini hakikuwa mbali. Walitembea sambamba, yeye na begi, Bi Gülizar na gudulia. Hatua ishirini nyuma yao Chuma na Redio walikuwa wanatazama viatu vya kike kwenye dirisha la duka kwa makini mno. Dereva alipopandisha begi juu ya basi, Bi Gülizar alisema bila kugeuka, "Kule kwetu hakuna boila."

"Najua."

"Kuna jiko la kuni. Kuni zipo rundo, mpasuaji hakuna. Kaka yangu ana shoka, ila mgongo umemshinda. Chumba cha wageni kwake kipo."

Digrii alifikiri kama anayesoma ratiba ya treni. "Zinapasuliwa lini?"

"Kuanzia Juni."

"Na huchukua muda gani kuisha?"

Bi Gülizar alipanda ngazi ya basi, akaketi dirishani, akaweka gudulia magotini.

"Ukipasua polepole," alisema, "haziishi."