Kamati ya Kumuaga Kocha Marselino

Lile koti la michezo Marselino alilinunua kwenye mtumba wa Tandika kwa sababu moja tu: lilikuwa halijachanika kwapani. Jeusi, mistari ya dhahabu, na mgongoni picha ya mtu anayening'inia kwenye pete mbili, kichwa chini, miguu juu kama popo. Yaliyofuata hakuyapanga yeye. Yaliletwa na watu wa Tegeta.

Alikuwa amekwenda kwenye duka la stesheneri la dada Blessing kutoa kopi ya kitambulisho ambacho jina lililoandikwa lilikuwa la mtu mwingine. Akamkuta mama mnene, mtulivu, anachambua kadi za mchango juu ya kaunta.

"Kocha, sogea kidogo, unanizibia mwanga," yule mama alisema.

Marselino akasogea. Katika maisha yake alikuwa ameshaitwa mchungaji, fundi umeme na afisa ardhi, na kila mara alikuwa ameitikia. Akatega sikio. Blessing na yule mama, ambaye aliitwa Mama Bupe, walikuwa wanazungumzia send-off, sherehe ya kumuaga bibi harusi, binti wa mpangaji aliyehamia mtaani juzi juzi. Watu hawalijui vizuri hata jina la baba yake, lakini katika wiki tatu zilikuwa zimechangwa milioni sita.

Mtu akisikia harufu ya pilau haulizi msiba ni wa nani.

"Kocha wa mchezo gani?" Mama Bupe aliuliza, macho kwenye kadi.

Marselino aliikumbuka ile picha ya mgongoni. "Jimnastiki, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ndiyo nini?"

"Ile ya kubinuka na kupiga msamba. Nazunguka dunia nafundisha watoto wasio na uwezo. Kwa kujitolea."

"Maana yake hulipwi."

"Silipwi. Napewa chakula na pa kulala."

"Na tiketi?"

Marselino akashusha pumzi ndefu, ile ambayo ilikuwa imeshampatia mambo mengi. "Hapo ndipo penye mtihani, mama. Saa hizi nimeitwa nchi nyingine, watoto arobaini wananisubiri. Ila bahati nzuri nikifika huwa naruhusiwa kuita vijana wa kunisaidia. Nilipokuwa Brazili niliita wanne."

"Wanne wa wapi?"

"Temeke."

Mama Bupe aliziweka kadi chini. Kwamba watoto wa Temeke wamefika Brazili na wa Tegeta bado wanabinuka kwenye mchanga nyuma ya soko, hilo lilimuuma kama mwiba wa samaki kooni. Binti yake Bupe alikuwa na miaka kumi na tisa, alikuwa anabinuka tangu ana miaka sita, na hakuna mtu aliyewahi kumlipia hata nauli ya kwenda Mwenge kwa ajili ya kubinuka.

"Nchi gani safari hii?"

"Mongolia."

Alikuwa ameichagua kwa akili. Ukisema Uingereza, hakosekani mtu mwenye binamu huko. Ukisema Uchina, nusu ya Kariakoo imeshakwenda. Mongolia, Tegeta nzima haikuwa na shemeji hata mmoja. Barua ya mwaliko nayo aliipata siku ile ile. Kuna shirika dogo la huko lilikuwa limeweka kwenye mtandao barua ya kutafuta mwalimu wa jimnastiki wa kujitolea. Marselino akaichukua barua yao, akaweka jina lake juu.

Jumapili yake kamati ikaundwa uani kwa Mama Bupe. Mwenyekiti, Mama Bupe. Katibu, Blessing. Mweka hazina, Mzee Erasmus, karani mstaafu ambaye alivaa tai hata kwenye arobaini ya msiba. Wazazi kumi na nane walijiandikisha, kila mmoja na mtoto wake wa kuitwa, wakiwemo watoto wawili ambao walikuwa bado hawajaanza kutembea.

Marselino alikaa mbele na mkoba mpya mapajani, zipu wazi.

"Niwashukuru wazee wangu," alisema. "Mkishakamilisha mchango, mie mwenyewe nitakimbizana na tiketi. Sitaki kuwasumbua."

Mzee Erasmus akavua miwani. "Bwana mdogo, umeshaona bibi harusi anapewa hela ya keki mkononi?"

"Sijaona, mzee."

"Basi funga mkoba."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake. Pale stesheneri alikuwa ameona mchango unavyoingia, hakukaa aone unavyotoka. Kamati ya Dar es Salaam haimpi mtu hela. Inampa ukumbi, chakula, sare, mpiga picha na mshereheshaji, na yeye anapewa kiti cha mbele akae atulie.

Lakini tapeli naye ana moyo wa mvuvi, ndoana ikikosa hapa huitupa pale. Aliomba hela ya pasi ya kusafiria. Mama Bupe alimsindikiza mpaka dirishani, akalipa yeye, akaitia pasi kwenye mkoba wake mwenyewe. Aliomba hela ya chanjo. Blessing alikwenda naye, akalipa, akasimama pembeni mpaka Marselino akachomwa sindano tatu za magonjwa ambayo hakuwa na mpango wa kukutana nayo. Akaomba ya nguo za baridi. Siku ya pili wakamletea koti zito kama godoro, wakamvalisha, wakamzungusha.

"Limekukaa," alisema Mama Bupe.

"Nasikia joto, mama."

"Joto la hapa. Wewe unalivalia baridi ya kule."

Wiki iliyofuata Blessing akaleta habari. Alikuwa ameliandikia lile shirika kuuliza kocha apokelewe wapi, nao wakajibu kwa furaha kwamba wametafuta mwalimu miezi minane bila kumpata, wakaomba wasifu wake, Blessing akawaandikia mzuri. Viza inashughulikiwa.

Marselino akauliza, "Wamejibu wenyewe?"

"Wenyewe. Na watoto wamekuchorea picha."

Mtu mwenye akili angeondoka jioni ile. Marselino alishafika mpaka kituoni na begi. Kilichomrudisha ni maneno ya Mzee Erasmus, aliyempigia kumwambia kwamba kamati imepitisha bahasha: dola elfu moja na mia tano za kujikimu, atakabidhiwa ukumbini mbele ya watu. Basi akapiga hesabu. Sherehe ni Jumamosi mchana, ndege ni Jumapili mchana. Kati ya bahasha na ndege kuna usiku mzima, na usiku mmoja unamtosha mtu kufika Mbeya.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Sare ilikuwa kitenge cha kijani, hakuna mwanamke aliyeikosa. Keki ilitengenezwa kwa umbo la mtu aliyepiga msamba, mshereheshaji akamtaka kocha aoneshe na yeye, kocha akasema daktari amemkataza. Alikula kidogo. Macho yake yalikuwa kwa Mzee Erasmus, ambaye alipanda jukwaani na kipaza sauti, akatoa bahasha, vigelegele vikapaa.

Marselino akaifungua kabla hajashuka jukwaani. Ndani mlikuwa na karatasi moja.

"Hiyo ni risiti," Mzee Erasmus aliwaeleza watu. "Kutembea na dola si salama, na kijana wetu ni mpole. Kwa hiyo fedha imeshatangulia Mongolia. Wenyeji wake watampa kidogo kidogo."

Watu walipiga makofi. Na Marselino akapiga, maana picha zilikuwa zinapigwa.

Kulala wakamlaza kwa Mzee Erasmus, kwa heshima, kwenye chumba ambacho ufunguo wake ulikuwa upande wa nje. Asubuhi aligoma kuamka. Mgongo, alisema. Mgongo umekatika, hata kusimama hawezi. Itabidi safari ifutwe, anaumia sana kuwaangusha wale watoto.

Mama Bupe alikaa kando ya kitanda, akamshika mkono. "Pole mwanangu. Blessing ameshawaandikia."

"Wamesemaje?"

"Wanasema mwalimu kazi yake ni kusema. Kubinuka watabinuka watoto."

Mzee Erasmus alikuwa na mpwa wake, Romani, mkazi wa Kiwalani, ambaye kazi yake uwanja wa ndege ni kusukuma abiria wasioweza kutembea. Aliwasubiri mlangoni na kiti cha magurudumu. Mabasi mawili ya kukodi yalishusha watu wa kitenge cha kijani, wakaimba mapambio, wakamkumbatia kocha mmoja mmoja huku lile koti la godoro likimtoa jasho.

Walipoachana na umati na kuingia ndani, Marselino alinong'ona, "Braza, nishushe hapo chooni, nitajikongoja mwenyewe."

"Siruhusiwi, kocha. Mjomba amesema nikukabidhi kwenye siti na mkanda nikufunge."

"Mie mzima, braza. Ona." Akasimama, akaruka mara mbili.

"Hongera," alisema Romani. "Kaa basi, tutachelewa." Na kwa kuwa askari wawili walikuwa wamegeuka kumwangalia huyu mgonjwa anayeruka, Marselino alikaa.

Nje wale wa kijani hawakuondoka. Ukimsindikiza mtu, unamsindikiza. Walisimama juani mpaka ndege ilipopaa na kumezwa na mawingu, ndipo wakapanda basi kurudi Tegeta.

Jumapili ya pili yake simu ya Mama Bupe iliita.

"Mama, shikamoo," sauti ilisema, meno yanagongana. "Nisaidie nirudi. Nakuomba."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Arobaini na wawili, mama. Saa kumi na mbili asubuhi wameshajipanga mstari wananisubiri. Wanajua kuliko mie. Mama, acha nikwambie ukweli. Mie si kocha."

"Tunajua, baba."

Marselino akaibana simu sikioni. Kule kwake upepo ulikuwa unavuma.

"Mzee Erasmus alilisema kwenye kikao cha pili," Mama Bupe aliendelea taratibu. "Lakini Blessing alikuwa ameisoma barua yao mpaka mwisho, wewe uliishia pale pa jina. Mwalimu akimaliza mwaka, anapendekeza msaidizi, na tiketi wanalipa wao. Bupe anafanya mazoezi kila siku. Kwa hiyo wewe vumilia, kula vizuri, usigombane na mtu."

"Mwaka nitakufa, mama. Tiketi tu ya kurudia. Mkachange hata nusu."

Mama Bupe aliweka simu sikio la pili, maana uani palikuwa na kelele. Mbuzi alikuwa jikoni, muziki umefunguliwa, na Mzee Erasmus alikuwa amelegeza tai kwa mara ya kwanza tangu astaafu.

"Tiketi ni kazi ya kamati, mwanangu," alisema. "Na kamati ndiyo tunaivunja hapa, hela yote iliyobaki iko kwenye mbuzi."